Pedali zinacheza, fundi amekaza mara tatu

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina baiskeli ya mtumba isiyo na frii, yaani tairi la nyuma likizunguka pedali nazo zinazunguka. Nikishuka kilima cha UDOM huku nazuia kwa miguu, nasikia "ko!" chini ya fremu. Fundi ameikaza mara tatu, ikipita wiki inarudi. Au fremu ndiyo imekwisha?
Msomaji, Ng'ong'ona, Dodoma

JIBU: Fremu usiiguse bado. Toa kwanza cheni kwenye gia ya mbele, kisha shika krenki zote mbili, ile mikono inayobeba pedali, uzitikise kushoto na kulia. Zikicheza zote kwa pamoja, tatizo ni braketi, ile sehemu inayobeba ekseli ya pedali. Ikicheza krenki moja tu, ni bolti ya krenki hiyo, na hapo acha kuendesha siku hiyohiyo. Krenki ya aluminiamu iliyolegea hutanua tundu lake la pembe nne, na likishatanuka hakuna bolti itakayoishika tena. Kwenye baiskeli yako huharibika upesi zaidi kwa sababu miguu inasukuma mbele, halafu inazuia, na kila badiliko hupiga palepale.

Tuseme ni braketi. Toa bolti za krenki, mara nyingi spana namba 14 au 15, kisha vuta krenki kwa pula, kile kifaa cha kung'olea krenki. Usigonge nyundo. Hakikisha pula imeingia nyuzi zote kabla ya kuvuta, la sivyo itang'oa nyuzi za krenki na utanunua nyingine.

Sasa tazama kilichomo. Kama ni katriji, yaani kasha lililofungwa lenye beringi ndani, na ekseli inacheza ndani ya kasha lenyewe, halirekebishwi. Nunua jipya. Kama ni vikombe, gololi na ekseli, fungua. Kikombe cha upande wa cheni, kwenye baiskeli nyingi, kina nyuzi za kinyume: unakifungua kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Wengi huharibu fremu hapa kwa kulazimisha upande usio wake. Lakini mitumba huja na nyuzi za Kiitalia pia, ambapo pande zote mbili hufunguka kwa njia ya kawaida, kinyume cha mshale wa saa. Soma maandishi kwenye kikombe: 1.37 x 24 ni ya Kiingereza, 36 x 24 ni ya Kiitalia. Yakiwa yamefutika, pima upana wa bomba la fremu: milimita 68 kwa kawaida ni ya Kiingereza, 70 ni ya Kiitalia.

Osha kwa mafuta ya taa, futa, kisha pitisha ukucha kwenye njia ya gololi, kwenye ekseli na ndani ya vikombe. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, ndiyo sababu kukaza hakudumu. Njia iliyolika hukaba hapa na kulegea pale, na vumbi letu la kiangazi likichanganyika na grisi kuukuu husaga kama msasa. Badilisha ekseli na vikombe pamoja. Ekseli iwe na urefu uleule, la sivyo cheni haitanyooka.

Kurudisha: kaza kwanza kikombe cha upande wa cheni hadi mwisho, nyuzi zikiwa na grisi. Weka gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, zizame kwenye grisi. Itabaki nafasi ndogo. Usiijaze kwa gololi ya 12. Ingiza ekseli, funga kikombe cha kushoto hadi ikabe kidogo sana, kisha kishikilie kwa spana wakati unakaza ringi ya nje. Ringi ikikazwa hukivuta kikombe nje kidogo, ndiyo maana mtu akirekebisha "sawasawa" kabla ya ringi, akimaliza anakuta kumelegea. Huenda fundi wako amekwama hapo tu.

Katriji hukazwa Newton-meta 50 hadi 70. Huna spana ya kupimia? Ni kama uzito wa ndoo ya maji ya lita 20 iliyojaa, ukining'inia kwenye mpini uliolala, sentimita 30 kutoka katikati ya kile unachokikaza. Bolti ya krenki: ndoo hiyohiyo kwa sentimita 20. Ikague tena ukishaendesha kilomita 50.

Mwisho, cheni iwe na mchezo wa kama sentimita moja katikati. Ikivutwa kama uzi wa zeze inaua gololi. Ikilegea inaweza kuruka, na kwenye baiskeli isiyo na frii cheni iliyoruka inaweza kulifunga tairi la nyuma ghafla. Hivyo breki ya mbele si pambo, hasa kwenye kilima hicho.

SWALI: Phoenix yangu inagonga mara moja kila mzunguko, nimebadilisha gololi bado.
Msomaji, Bahi

JIBU: Kotapini, ile pini inayoshika krenki kwenye ekseli. Nati yake haivuti pini ndani, inaishikilia tu. Egemeza krenki kwenye kipande cha chuma, gonga pini hadi ikae, ndipo kaza nati. Pini ya pili iingie kwa upande wa kinyume na ya kwanza, vinginevyo krenki mbili hazitakuwa mstari mmoja. Bapa lake likionyesha alama ya kusagika, tupa, weka mpya.