Sabufa ya kujitengenezea kwa chumba cha hosteli: spika ya inchi 8, boksi la lita 20, chaja ya laptopu

Mkuu, nirudie swali lako kwanza ili nisijibu nje ya mada. Chumba cha hosteli cha kama mita 3 kwa 4, mnakaa wawili, una laptopu na spika mbili ndogo za mezani zisizo na besi, pesa ni ya boom (mkopo wa wanafunzi), na unataka kujitengenezea sabufa "ya wati kama 500". Kutengeneza inawezekana, na ukifuata vipimo itapiga vizuri kuliko sabufa nyingi za dukani za bei hiyohiyo. Ila hizo wati 500 ziache. Unachohitaji ni wati 40 za kweli, spika moja ya inchi 8 yenye karatasi ya vipimo, na boksi lisilovuja hewa likae karibu na kiti chako.

Hesabu yake ni hii. Spika ya besi ya inchi 8 yenye usikivu wa desibeli 86 hutoa kiasi hicho kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kila ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo wati 40 zinakufikisha kama 102. Kwenye masafa ya chini kabisa utapata pungufu ya hapo, lakini bado ni sauti ya kumtoa jirani chumbani. Ukitoka wati 40 kwenda 80 unalipia amplifaya kubwa na umeme mwingi kwa desibeli 3 zilezile. Ukilisogeza boksi kutoka kona ya mlangoni hadi chini ya meza yako unapata faida kubwa kuliko hiyo, na hulipi chochote.

Karibu nusu ya bajeti iende kwenye spika. Usinunue spika ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha vipimo vyake, hata kama sumaku yake ni kubwa kama sahani. Namba za kutafuta ni Fs (masafa ambayo koni hupenda kuchezea yenyewe), Qts (jinsi sumaku na mpira wa ukingo vinavyoizuia koni isiyumbe), Vas (ulaini wa ukingo ukiandikwa kama lita za hewa) na Xmax (milimita ambazo koni hutembea kabla mlio haujaharibika). Kwa boksi lililozibwa tafuta Fs chini ya Hz 40, Qts kati ya 0.4 na 0.6, na Xmax isiyopungua milimita 5. Spika nyingi za besi za magari za inchi 8 huangukia humo au jirani na hapo.

Sasa, ili kujua boksi la lita ngapi linaifaa spika, chukua mfano wa yenye Fs 35, Qts 0.5 na Vas lita 20. Gawanya Vas kwa lita za boksi, jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa Qts. Kwa boksi la lita 20: 20 kwa 20 ni 1, jumlisha 1 ni 2, kipeuo ni 1.41, mara 0.5 inakuja 0.707. Hapo ndipo pazuri, besi inashuka taratibu na noti zinasikika kila moja kivyake. Zidisha hiyo 1.41 kwa Fs unapata Hz 49, na chini ya hapo sauti inaanza kupungua. Chumba kidogo kilichofungwa mlango na madirisha kitakurudishia sehemu ya kilichopungua. Ukilibana boksi hadi lita 6 ili liingie chini ya kitanda, jibu linapanda hadi 1.04, na hapo ndipo unasikia ile besi ya "bum, bum" isiyobadilika wimbo wowote ule.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nikushauri boksi lililozibwa na si la tundu (lenye bomba la kupitishia hewa). Fundi akikosea ukapata lita 18, jibu ni 0.73. Akikosea ukapata 23, ni 0.68. Sikio halitagundua. Boksi la tundu halisamehi hivyo: urefu na kipenyo cha bomba vikikosewa, noti moja inavimba na nyingine zinapotea, na masafa yakishuka chini ya yale ya bomba, koni inakosa hewa ya kuishikilia na kutembea kupita uwezo wake. Besi yake ni kubwa zaidi, kweli, lakini kwa kazi ya kwanza na chumba cha mita 12 za mraba huihitaji.

Ukipata spika iliyotumika, ikague hapohapo dukani, iwe Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi. Weka multimita kwenye omu: spika ya omu 4 isome kati ya 3.2 na 3.6 hivi, ya omu 8 isome kati ya 5.5 na 7. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, sukuma ndani polepole bila kuegemea upande mmoja, huku sikio likiwa karibu. Ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, koili imeungua au imepinda, iache. Minya sponji ya ukingo kwa kucha: ikibaki na alama au ikimeguka kama makombo ya mkate, imeoza. Angalia pia kama ina koili mbili. Mbili za omu 2 ukiziunga kwa mfululizo unapata omu 4, sawa kabisa. Mbili za omu 4 ni 8 kwa mfululizo au 2 kwa sambamba, na bodi nyingi ndogo za amplifaya hazipendi 2. Ukiunga koili moja kinyume, zote mbili zinapingana na koni haichezi.

Boksi: MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18. Bodi nzima ni sentimita 244 kwa 122, wewe unahitaji robo tu, kipande cha 122 kwa 61, na maseremala wengi huwa na vipande vya kubaki. Mwambie akate kwa mashine ya meza, si kwa msumeno wa mkono, kwa sababu ukingo usionyooka ndio mlango wa hewa. Mbele na nyuma ni vipande viwili vya 31.6 kwa 31.6. Juu na chini ni viwili vya 31.6 kwa 27.5. Ubavuni ni viwili vya 28 kwa 27.5. Mstari wa kwanza upange vile viwili vya mraba na viwili vya juu na chini vikisimama kwa urefu wa 31.6, jumla sentimita 118 na ushee, na upana wa blade unaingia. Mstari wa pili weka vya ubavuni vikisimama kwa 28. Kinachobaki kata ubao wa 28 kwa 5 wa kukaza boksi ndani, kutoka ubavu hadi ubavu, nyuma ya sumaku. Ndani unapata lita 21.5. Toa kama lita 1 ya spika na robo lita ya ule ubao wa kukaza, unabaki na 20 na kidogo.

Umbo la karibu mchemraba lisikutishe. Mawimbi yanayosimama ndani ya sentimita 28 huanzia juu ya Hz 600, na sabufa haifiki huko.

Tundu la spika lisichorwe kwa kukisia. Spika nyingi za inchi 8 huhitaji kama sentimita 18 hadi 18.5, lakini pima ya kwako kwa nyuma, pale chuma kinapoanzia kuingia. Chora kwa kipande cha ubao chenye msumari katikati na penseli mwishoni, kisha kata kwa jigso, ukibaki ndani ya mstari.

Gundi nyeupe ya mbao ipakwe kote, bila kuruka hata sentimita. Skrubu za milimita 50 kila baada ya sentimita 10, na kila skrubu itobolewe kwanza kwa kekee ya milimita 3. Ukingo wa MDF hupasuka kama keki ukiingiza skrubu kavukavu. Gundi iliyobubujika ndani usiifute, isambaze kwa kidole kwenye pembe zote. Acha saa 24. Ukiamua kuongeza silikoni yenye harufu ya siki, ngoja siku 2 kabla ya kufunga spika, kwa sababu ule mvuke wake hula metali. Kwa njia ya waya, boliti mbili za M5 zenye washa na nati ndani na nje zinatosha: waya wa ndani unabana upande mmoja, wa nje upande mwingine, na hakuna tundu linalobaki wazi.

Chini ya fremu ya spika weka utepe wa sponji wa kuzibia milango. Ndani jaza gramu 200 hadi 300 za nyuzi za poliesta kutoka kwenye mto, zichambue ziwe wazi, zisigandamizwe. Sufi usitumie, vumbi lake linatafuta njia ya kuingia kwenye koili.

Ukishafunga, sukuma koni polepole na uachie. Boksi lisilovuja linairudisha taratibu, kama mtu anayepumua. Ikirudi kwa kishindo, kuna mvujo. Cheza sauti ya Hz 30 kwa nguvu ya wastani, lowesha kiganja na ukipitishe kwenye kila kiungo: penye ubaridi ndipo penye tundu.

Amplifaya nakushauri bodi ya mono yenye chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments, yenye kitasa cha sauti na kitasa cha kuchuja masafa. Muuzaji atakwambia ni wati 100. Wati hizo zinategemea volti unazoilisha: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu zilizozidishwa kwa 2. Kwa spika ya omu 4, volti 12 ni wati 18, volti 19 ni wati 45, volti 24 ni wati 72, kabla ya upotevu mdogo. Spika ya omu 8 ni nusu ya hapo. Volti 19 ndizo za chaja ya kawaida ya laptopu, na ya wati 65 inatosha. Chipu inavumilia hadi volti 26, lakini soma kapasita kubwa za bodi: zikiandikwa 25V, usiilishe 24. Chaja za USB-C hazifai, zinatoa volti 5 tu mpaka kifaa kiombe zaidi. Kabla ya kuunga, hakikisha chanya na hasi kwa mita. Ukigeuza, bodi inakufa papo hapo.

Kuna faida nyingine ya chaja ambayo kwa hosteli naiona kubwa: umeme wa volti 230 haukaribii boksi lako. Amplifaya ya trafo iliyofunguliwa chini ya meza, kwenye chumba ambacho watu wanamwaga chai na kuanika taulo, ni hatari isiyo na sababu.

Bodi iweke nje, nyuma ya boksi, kwenye kasha dogo la plastiki lenye matundu. Ukiiweka ndani, hewa inapenya kwenye vitasa na kupiga mluzi, na mtikisiko unalegeza lehemu za kapasita.

Sauti itoke laptopu kwa waya wa kugawa wa milimita 3.5, upande mmoja spika za mezani, mwingine sabufa. Bluetooth usitumie kwa sabufa peke yake, besi itachelewa nyuma ya ngoma. Kama bodi ina ingizo moja tu, usiunge waya wa kushoto na wa kulia moja kwa moja. Pitisha kila mmoja kwenye rezista ya kiloomu 1 kisha ndipo viungane.

Ukisikia mvumo, chomoa kwanza chaja inayochaji laptopu, si ile ya amplifaya. Ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya chaja mbili. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Kama haujaisha, tumia kitenganishi kidogo cha trafo kwenye waya wa sauti, ingawa vile vya bei rahisi sana hula besi ya chini. Pini ya ethi usiikate kamwe.

Kichujio anza na Hz 100 hadi 120, maana spika ndogo za mezani hazishuki chini ya hapo. Boksi likae chini ya meza karibu na katikati, la sivyo utasikia sauti za wanaume zikitoka miguuni upande mmoja. Cheza sauti ya Hz 100 spika zote zikiwa wazi, kisha geuza waya wa sabufa chanya kwa hasi. Upande unaotoa sauti kubwa zaidi ukiwa umekaa kitini ndio sahihi.

Ukisikia "tak tak", koili inagonga chuma cha nyuma. Punguza sauti sekunde hiyohiyo. Mara nyingi chanzo ni ekwalaiza iliyoongezwa besi: desibeli 10 za kuongeza ni nguvu mara kumi, yaani wati 40 zinaombwa ziwe 400.

Kuhusu jirani wa chumba cha chini: sponji chini ya boksi inazuia meza na sakafu kutetemeka, haizuii besi kupita ukutani. Chumba cha mita 4 kwa 3 huvimbisha sauti kwenye Hz 43 na 57 hivi, na ndizo zinazosikika koridoni. Cheza sauti inayopanda taratibu kutoka 30 hadi 100, mwenzako asimame nje ya mlango na akwambie ni wapi panapovuma. Kama laptopu yako ni ya Windows, fungua programu ya Equalizer APO, ni ya bure, punguza desibeli 5 au 6 kwenye masafa hayo peke yake, kisha mrudishe koridoni asikilize tena.