Maswali ya Wasomaji: Jina la Mwisho, Jina la Ukoo

SWALI: Wahariri, salaam. Kijiweni kwetu hapa Kasulu tumebishana kuhusu jina la mbunge wetu wa zamani, Daniel Nsanzugwanko. Lina maana gani, mbona ni adimu hivyo, na ni kweli kwamba ni la Kirundi? — Msomaji, Kasulu

JIBU: Tulivunje vipande. *Nsanze* ni "nimekuta", na *ugwanko* ni "chuki". Irabu mbili zikikutana moja humezwa, ndipo tunapata Nsanzugwanko: nimekuta chuki. Anayezungumza Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, hahitaji kamusi kuliona hilo. Hatuzungumzii familia ya mheshimiwa, kwa sababu kisa cha jina wanakijua wenye jina. Tunaweza kueleza aina ya jina lenyewe.

Katika Kiha na lugha ndugu zake kuna majina yanayofika kama barua. Mtoto anazaliwa, baba au babu ana jambo na majirani, na wakwe, au hata na kifo kilichopita nyumbani, basi jambo hilo linakuwa jina. Mtoto hasemwi hata kidogo, ila kila atakapoitwa uani, aliyekusudiwa atasikia. Ukikutana na majina yanayoanzia na Nsanz- (nimekuta), Nta- (hakuna) au Nda- na Nzi- (mimi na kitendo changu), jua una sentensi nzima mbele yako, na usiitafute maana yake kwenye neno moja. Ntakirutimana, kwa mfano, ni "nta kiruta Imana", hakuna kinachompita Mungu.

Na hapo ndipo kwenye jibu la uadimu. Majina kama Ntakirutimana hupewa wengi, lakini jina kama Nsanzugwanko mara nyingi hutungwa mara moja, kwa mtoto mmoja, kwa sababu moja. Ni nadra kurudiwa kijiji cha pili kama Juma au Yohana. Kisha linakutana na utaratibu wetu wa majina matatu: langu, la baba, la babu. Mwanangu akiandikwa kwa utaratibu huohuo, jina la babu yangu linadondoka. Jina alilopewa mtu mmoja linaishi vizazi vitatu kwenye karatasi, halafu kwisha, isipokuwa mtu mmoja katika mstari huo alipoenda shule au kuajiriwa akaligandisha: akawaandikisha wanawe wote kwa jina hilohilo la mwisho, nao wakawaandikisha wao. Majina mengi adimu ya Kigoma tunayoyaita ya ukoo yalianza hivyo. Ni majina ya mtu mmoja yaliyogandishwa kwenye fomu.

Kwa hiyo uadimu hausemi lolote kuhusu ukubwa wa ukoo. Ndugu wa damu wa mwenye jina wanaweza kujaa kata nzima, kila mmoja na jina lake la mwisho.

Kuhusu Urundi: Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha ndugu wa karibu kabisa, na mtindo wa majina ni mmoja. Nsanz- hiyohiyo utaikuta Rwanda kwenye Nsanzabaganwa, ambapo *abaganwa* ni watu wa nyumba ya kifalme. Tofauti inayoonekana ni ya uandishi tu. Burundi huandika *urwanko* ingawa hutamka karibu na *ugwanko*. Sisi tumeandika tunavyosikia. Ndiyo maana Christopher Chiza, aliyekuwa mbunge wa Buyungu, ana "ch", ilhali ng'ambo jina hilo ni Ciza. Jina si ushahidi wa uraia. Sheria ya Uraia ya 1995 inatazama mahali pa kuzaliwa na uraia wa wazazi, na afisa anayemhukumu mtu kwa Nta- au Nda- anaikosea Kigoma nzima.

SWALI: Babu yetu wa Nzega aliitwa Kashindye. Baba mdogo kaandikwa Kashinde, sisi tumeandikwa Kashinje. Watu wanasema hizo ni koo tatu. Isitoshe nina rafiki Mwanza naye ni Kashinje. Je, ni ndugu yangu? — Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Ni jina moja. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma hupewa mtoto aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa. Sauti ya "ndy" ndiyo iliyowasumbua makarani: mmoja kasikia "nj", mwingine "nd", na mzee aliyekuwa mbele ya meza hakuombwa kusoma kilichoandikwa.

Rafiki wa Mwanza si lazima awe ndugu. Hili ni jina la hali ya kuzaliwa, kinyume kabisa cha Nsanzugwanko: halitungwi, linasubiri mtoto. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata ni Shija. Mabula kazaliwa wakati wa mvua. Kila nyumba iliyojaliwa mapacha inaweza kuanzisha "ukoo" wa Shija bila kuijua nyumba nyingine. Kigoma nako ni hivyohivyo: Bukuru na Butoyi ni mapacha, Chiza anawafuata, Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Ukikuta akina Minani mia, umekuta watoto wa nane mia. Undugu utafuteni kwenye kijiji alikozikwa babu, kwa majina ya ndugu zake, na kwa mwiko wa nyumba. Tahajia iacheni.

SWALI: Naitwa Mirambo kwa jina la mwisho. Je, mimi ni wa uzao wa mtemi? — Msomaji, Urambo

JIBU: Kwa jina peke yake, hapana. Mtemi mwenyewe, mtawala mashuhuri wa Wanyamwezi, alizaliwa akiitwa Mtyela Kasanda. Mirambo, yaani maiti, ni jina lake la vita. Alifariki 1884, na tangu hapo wengi wamewapa watoto jina hilo kwa heshima. Anayedai uzao ataje mstari wa majina kutoka kwake hadi kwa Kasanda, mmoja baada ya mwingine. Ukikatika katikati, ni heshima tu, na heshima nayo si haba.

SWALI: Nitajuaje jina letu limeenea wapi na limeanza lini? Mtandaoni nimeona tovuti inayotoa idadi kamili ya watu wenye jina letu Tanzania. — Msomaji, Ujiji

JIBU: Idadi hiyo usiiandike popote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 Kigoma na karibu milioni 3.4 Tabora, lakini hakuna jedwali la majina ya mwisho lililotangazwa. Na hata lingekuwepo, lingehesabu majina ya mababu kwa sehemu kubwa. Cha kufanya ni kuhesabu mwenyewe eneo dogo. Daftari la wapiga kura linapobandikwa vituoni kwa ukaguzi, pita vituo vya kata ya babu na kata jirani, na uandike majina yote matatu. Jina lako likionekana katikati badala ya mwisho, hilo ndilo la maana zaidi: linaonyesha lilikuwa jina la baba wa mtu huyo, yaani bado halijaganda.

Kwa zamani, nenda parokiani. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Ujiji 1879, na vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani viliandikwa kwa Kilatini: *filius* ni mwana wa kiume, *filia* wa kike, na Ludovicus ndiye Ludoviko. Omba kwa paroko kwa barua, taja mwaka kwa kukadiria, kama "kati ya 1930 na 1940". Ukipata mstari, usiache pambizo, kwa kuwa ndoa huandikwa hapo, na mara nyingi ndoa ndiyo inayokutajia kijiji kingine. Walio Waislamu, na Ujiji ni wengi, hawana kitabu cha namna hiyo. Kwao tegemea hati za ndoa za kadhi, mirathi, na wazee wa msikiti.

Wengi hukwama kwenye tahajia. Karani wa Kijerumani aliandika Unyamwezi "Unjamwesi" na Ujiji "Udjidji", kwa hiyo "y" yako itafute kwenye "j" na "z" kwenye "s". Wabelgiji waliishika Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921, na mwandishi wa Kifaransa huandika "u" kuwa "ou". Ongeza "r" na "l" zinazobadilishana, "c" na "ch", "rw" na "gw". Andika tahajia zote kwenye karatasi kabla ya kufungua kitabu, maana macho yakichoka huona ile moja tu uliyoizoea.

Wazee nao wahoji mmoja mmoja. Ukiwaweka pamoja, mkubwa akisema wengine huitikia. Usiulize "ukoo wetu unaitwaje?" Uliza babu aliitwaje kabla ya kubatizwa au kusilimu, nani alimpa jina, na mwaka huo kulikuwa na nini kijijini.

SWALI: Cheti cha kuzaliwa kinasema Chiza, kitambulisho cha taifa kinasema Ciza. Nina kiapo cha mahakamani. Benki wamekikataa. — Msomaji, Kakonko

JIBU: Kiapo kinasema majina mawili ni ya mtu mmoja, lakini hakirekebishi hati yoyote. Kama cheti ndicho sahihi, peleka cheti na kiapo NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, uombe marekebisho. Kama kosa liko kwenye cheti, anza RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kisha NIDA, ndipo benki, laini ya simu na pasipoti. Wengi huanza na pasipoti kwa kuwa safari imekaribia, wanarudishwa NIDA, na NIDA inawarudisha kwenye cheti. Na ukitaka jina jipya kabisa, hilo si kosa la kurekebisha: mwone wakili akuandalie hati ya kubadili jina na kuisajili.