Mkuu, usilipie hiyo bodi: anza na lenzi

Mkuu, simamisha kwanza hayo malipo. Unasema unanunua DSLR ya kwanza (kamera ya kioo inayobadilishwa lenzi), unataka kupiga picha za watoto ndani ya nyumba na za sherehe za ndugu, na umebaki na njia mbili. Ya kwanza ni bodi, yaani kamera bila lenzi, ya fremu kamili (yenye sensa kubwa, kile kibamba kinachopokea mwanga) ya megapikseli 36 (nukta milioni 36 za picha), iliyotumika, utakayoifungia lenzi ya kuvuta ya 18-55 (milimita 18 hadi 55) ya rafiki yako "kwa muda". Ya pili ni bodi ya sensa ndogo ya megapikseli 24, inayokuachia chenji. Halafu mwishoni ukaandika kwamba moyo uko kwenye ile ya 36, kwa sababu "bodi ndiyo kamera yenyewe, lenzi nitajazia baadaye".

Sentensi hiyo niliuziwa mimi, karibu neno kwa neno, na muuzaji aliyekuwa anaifuta bodi kwa kitambaa huku anaongea. Nilimweleza wazi kabisa: ni kamera yangu ya kwanza, nina lenzi moja tu ya 18-55 niliyopewa na binamu yangu, na mdogo wangu anaolewa baada ya miezi miwili. Akanijibu lenzi yoyote ya kampuni hiyo inaingia, nisiwe na shaka. Kuingia kweli iliingia. Ikalia "ka!" vizuri kabisa. Hela yangu yote ikaishia pale.

Alichoninyima ni hiki. Lenzi ile ya 18-55 imetengenezwa kwa sensa ndogo. Duara la mwanga inalolitupa nyuma halifiki kwenye pembe za sensa ya fremu kamili, ambayo ina milimita 36 kwa 24. Kwa hiyo bodi inapoitambua lenzi ya namna hiyo, inajikata yenyewe na kutumia kipande cha katikati tu, chini ya nusu ya eneo la sensa. Nilipochungulia nikaona kimstari cha mstatili ndani ya picha, nikadhani ni mapambo ya kitaalamu. Jioni nikafungua picha ya kwanza kwenye kompyuta, nikaangalia vipimo vyake: 4800 kwa 3200. Zidisha mwenyewe. Ni megapikseli 15 na ushee. Nimelipia 36, nimekabidhiwa 15, na aliyeniuzia alijua.

Hata hivyo, megapikseli si ndizo zilizoniumiza. Kilichoniumiza ni harusi.

Ukumbi ulikuwa na taa za mapambo, zile za rangi ya dhahabu ambazo macho yanazipenda na kamera inazilalamikia. Lenzi yangu ukiivuta mpaka 55 ilikuwa haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga ni mwingi). Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 6400, na bado bodi ikanipa spidi ya shata (muda ambao pazia la kamera linabaki wazi) ya 1/15 ya sekunde. Kwa spidi hiyo hata mtu anayepumua anatikisika kwenye picha, sembuse bibi harusi anayecheka na kulia kwa pamoja. Picha ya kuvishana pete ninayo mpaka leo. Ukiikuza unaona hereni yake imekuwa mstari wa mwanga wenye urefu wa kidole, kope zimeyeyukiana na nyusi, na vidole viwili vinaonekana vitatu. Juu ya hayo yote chenga zimejaa kwenye gauni jeupe kama mchanga. Nilipiga picha 412 usiku ule. Zinazofaa kuonyeshwa mtu hazikufika ishirini, na nyingi kati ya hizo ni za keki, kwa sababu keki haitikisiki.

Na asije mtu hapa kuniambia ningewasha flashi. Niliwasha ile ya juu ya kamera. Nyuso zikawa nyeupe zinang'aa jasho, nyuma kukawa giza totoro kama tuko pangoni, na uzuri wote wa ukumbi ukafutika. Baada ya picha ya tano mdogo wangu akanifanyia ishara kwa mkono: zima.

Wiki moja baadaye mama akaniuliza taratibu, "Ya pete iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu. Iliyoko ukutani kwake leo ilipigwa na rafiki wa bwana harusi, aliyekuja na bodi ya megapikseli 12, ya zamani, raba za pembeni zimeanza kubanduka, na lenzi moja ya 50mm f/1.8. Imechapishwa kwa sentimita 30 kwa 20 na unahesabu kope moja moja. Wala si ajabu: megapikseli 12 zinatosha kuchapisha ukubwa huo kwa nukta 300 kwa inchi, na zinabaki.

Sasa nisikilize vizuri. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Mara kumi, mkuu! Pale nilipopata 1/15, kwa ISO ileile, yeye alikuwa na 1/125 na akiba juu. Hakuna menyu ndani ya bodi yoyote itakayokupa hicho. Bodi inapokea kile lenzi ilichoruhusu kupita, basi. Ni kweli kwa f/1.8 eneo lililo kwenye fokasi, yaani linaloonekana kali, linakuwa jembamba. Ukimpiga picha mtoto kwa karibu jicho moja linakuwa kali na la pili limeanza kulainika. Hilo utalizoea ndani ya wiki mbili, na ukitaka unaibana hadi f/2.8. Mwanga ambao haukuingia huwezi kuuzoea.

Wale wa kwenye video nao nina hasira nao. Dakika ishirini mtu anashindanisha bodi tatu, anakuza ukuta wa matofali mpaka unaona vumbi, na zote tatu amezifungia lenzi ambayo anayeanza hataimiliki kwa miaka mitano. Lenzi yenyewe haitaji hata jina. Unatoka pale umeamini kwamba ukali ule unatoka kwenye bodi.

Kwa hiyo fanya hesabu yako kinyumenyume. Chukua hela yote uliyonayo, toa kwanza ya lenzi inayofunguka f/1.8, halafu kinachobaki ndicho kikuchagulie bodi. Ikibaki ya bodi ya miaka kumi iliyopita, chukua ya miaka kumi iliyopita. Kwa watoto ndani ya nyumba na sensa ndogo, tafuta 35mm f/1.8, kwa bodi ya Nikon ya sensa ndogo inaona kama 52mm ya fremu kamili, ambayo haikulazimishi kurudi nyuma mpaka ugonge ukuta. Ile 50mm nayo ni nzuri, ila kwenye sensa ndogo inakuwa ndefu kidogo kwa sebule.

Ila angalia lenzi isije ikakukataa. Ukienda Nikon, bodi kama D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifungia lenzi ya zamani ya AF-D, isiyo na mota yake, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono wakati mtoto ameshakimbia. Kwa bodi hizo hakikisha lenzi imeandikwa AF-S au AF-P, hizo zina mota ndani. D7200 ya mwaka 2015 ina mota yake na ina megapikseli 24, na mimi ningeichukua hiyo kuliko yako ya 36 bila kufikiri mara mbili. Ukienda Canon, lenzi ya EF inakaa kwenye DSLR zake zote mbili, ya sensa ndogo na ya fremu kamili, ila ya EF-S, iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, haikai kwenye fremu kamili. Afadhali huko inakataa waziwazi, kabla hujatoka dukani na mfuko.

Hiyo lenzi ya rafiki yako mrudishie.

Na ukienda kuonana na muuzaji, nenda jioni. Fungia lenzi unayoinunua kwenye bodi unayoinunua, si ile aliyoiweka yeye kwa maonyesho. Mwombe mtu asimame mbali na dirisha, aongee huku anageuza kichwa. Fungua lenzi mwisho wake, weka ISO 1600, piga, kisha soma spidi ya shata. Ikiwa ya polepole kuliko 1/100, mfano 1/60, mrudishie kamera yake mkononi na usimwachie hata malipo ya awali. Ukipata namba hizo ziandike hapa, niko macho mpaka usiku.