Swali la Lugha: Masafa ya Wimbi ni Urefu au ni Marudio?

Swali: Redio hutangaza kwamba inasikika "katika masafa mafupi", na papo hapo ikataja "masafa ya megahezi 9.5". Kitabu cha fizikia nacho kinasema wimbi fupi ndilo lenye masafa ya juu. Je, masafa ni urefu wa wimbi au ni idadi ya mitetemo?

Jibu: Kwa jinsi linavyotumika leo, neno hilo limebeba maana zote mbili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni umbali. Ndiyo sababu tuna mbio za masafa marefu na makombora ya masafa ya kati. Hata hivyo, katika "masafa mafupi" ya redio, umbali unaokusudiwa si ule ambao matangazo hufika, bali ni ule uliopo kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachofuata, ambao kitaalamu huitwa urefu wa wimbi. Asiyelijua hilo atashangaa, kwa kuwa mawimbi hayo mafupi ndiyo yanayosifika kwa kufika mbali: hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji, yakasikika maelfu ya kilomita kutoka kwenye mtambo.

"Masafa ya megahezi 9.5" ni kipimo kingine kabisa, yaani mitetemo 9,500,000 katika kila sekunde. Vipimo hivyo viwili huunganishwa na kasi, kwani kasi ya wimbi ni urefu wake mara marudio yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300,000,000 kwa sekunde. Ukigawa kwa 9,500,000 unapata karibu mita 31.6, na hapo ndipo linapotoka lile tangazo la "mita bendi ya 31". Ajabu ni kwamba kituo cha FM cha megahezi 100 hutumia wimbi la mita 3 tu, ilhali mawimbi yanayoitwa mafupi yana mita 10 hadi 100. Ufupi huo ni wa kulinganishwa na mawimbi ya kati na marefu.

Ushauri wangu ni kuliachia neno masafa kazi ya kutaja marudio, kama wasemaji wengi wanavyofanya tayari, na kulisindikiza kwa "ya juu" au "ya chini". Sifa za "-refu" na "-fupi" zibaki na urefu wa wimbi. "Masafa mafupi" ya redio yamekwisha kuzoeleka, nami sioni faida ya kuyapiga vita. Katika maandishi ya sayansi, hata hivyo, ningependelea "marudio", ambalo halimpeleki msomaji kwenye umbali.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Sauti ya hezi 440 ina wimbi la takriban sentimita 77 hewani. Ikiingia majini, ambako kasi yake ni zaidi ya mara nne, wimbi hilo hurefuka na kupita mita 3, lakini marudio yake hubaki 440. Mwandishi anayetumia "masafa" kwa vyote viwili atalazimika kuandika kwamba masafa yamebadilika na hayakubadilika.

Tukiwa hapo kwenye sauti, neno "kilele" nalo linahitaji uangalifu. Linafaa kwa mawimbi ambayo mtetemo wake hukingamana na njia ya safari, kama ya kamba inayotikiswa. Sauti hewani hutetema mbele na nyuma kwenye njia hiyohiyo, kwa hiyo urefu wake hupimwa kutoka msongamano mmoja wa hewa hadi mwingine. Epuka pia "masafa makubwa", kwa sababu ukubwa wa wimbi ni kiasi linavyopanda na kushuka: sauti kubwa ni ile yenye nguvu, na sauti nyembamba ndiyo yenye marudio ya juu, hata ikiwa ni ya kunong'ona.