Kwa nini bomba la Hoima hadi Tanga lipashwe joto

Ndugu, umeuliza kwa nini bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga lipashwe joto wakati huku kwetu hakuna theluji. Tatizo ni mafuta yenyewe. Yale ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na hata kwenye joto la kawaida la chumba huganda kama samli ya asubuhi. Ndiyo maana lazima yasafirishwe yakiwa na joto la nyuzi 50 au zaidi. Bomba, lenye kipenyo cha inchi 24, limevikwa povu la kuhifadhi joto, likafukiwa ardhini, na nyaya za umeme za kulipasha zinafuatana nalo. Ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania!

Mimi ninachokihofia zaidi ni pampu kusimama. Mafuta yakitulia yakapoa, chembe za nta hushikana na yote huwa donge. Kuyasukuma upya kunataka nguvu kubwa mno. Hapo nyaya zile ndizo tegemeo. Nta inayonata kwenye kuta za bomba hukwanguliwa na kifaa kinachosukumwa na mafuta yenyewe. Dawa za kupunguza nta zipo, ila kwa mafuta yenye nta nyingi namna hii nisingezitegemea peke yake.