Muulize Fundi: Wembe unafyeka mkono, kwenye ndevu unang'oa

Safari hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, wembe wa kukunja na yale mawe ya asili ya Japani ya kumalizia makali. Sijui mmeambizana au vipi. Nimechukua tano, zingine zilikuwa zinarudia yaleyale.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, umenyooka vizuri na hauna pengo hata moja. Nilianza na jiwe la kiwandani la namba 1000, nikaenda 4000, nikaenda 8000 (namba ikipanda chembe za jiwe zinakuwa ndogo zaidi), afu nikamalizia kwenye jiwe la asili la Kyoto, gumu kama kigae, rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Nywele za mkono unazifyeka bila shida, ila nikiweka shavuni unang'oa mpaka machozi yananitoka. Nimerudia lile jiwe la mwisho mara tano, dakika 40 kila mara, hamna mabadiliko. Kitu kingine, kwenye yale mawe ya kiwandani nilibandika tepu ya umeme mgongoni mwa wembe nisiukwangue, nikaja kuitoa nilipofika kwenye jiwe la Japani maana niliona lile chembe zake ni laini haliwezi kuumiza kitu. Je, nimeuziwa jiwe feki?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Jiwe lako wala usilisingizie, ugonjwa umeuandika mwenyewe pale ulipoanza na "kitu kingine".

Wembe wa kukunja hauhitaji ushike engo kwa mkono kama kisu, engo yake inatoka kwenye mwili wake: mgongo unalala juu ya jiwe na makali yanalala juu ya jiwe, vyote kwa pamoja, basi. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wenye unene wa milimita 4.8 hivi, pande mbili zikikutana pale mbele zinakupa kama digrii 17. Sasa ukibandika tepu umeongeza unene wa mgongo pande zote mbili, na tepu moja ya kawaida kwenye wembe wa upana huo inaongeza kama digrii 1 nzima, kwahiyo wewe ulichonga makali kwenye digrii 18, ukatoa tepu, mgongo ukashuka, na kuanzia hapo jiwe la Kyoto likawa linasugua bega la nyuma ya makali huku ncha yenyewe ya makali inaelea hewani haigusi kitu. Dakika 200 umesugua sehemu isiyonyoa! Jiwe la namba 1000 lingeila ile tofauti na kuifikia ncha, lakini hili gumu la kumalizia kasi yake ya kula chuma ni ndogo mno, utazeeka hapo.

Usiniamini kwa maneno, chukua maka peni upake wino kwenye ule mteremko wa makali pande zote mbili, piga pito moja tu kwenye jiwe bila tepu, angalia kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta wino umefutika nyuma na pale mbele kabisa kumebaki mstari mwembamba mweusi, ndo hapo. Dawa yake: bandika tepu mpya, piga kama mapito 20 kwenye 8000, kisha panda kwenye jiwe la asili na tepu ikiwa bado mgongoni. Au kama umeichoka tepu itoe moja kwa moja lakini urudi kwenye 1000 uanze upya, hamna njia ya mkato. Mimi wembe wa kawaida siubandiki kitu maana mgongo na makali vinaisha pamoja na hiyo ndo hesabu aliyoipiga aliyeutengeneza, ila ukiwa na wembe wenye nakshi za dhahabu mgongoni, bandika tu.

Halafu hiki kipimo cha nywele za mkono, jamani. Jiwe la 1000 likifanya kazi yake sawasawa, wembe unatakiwa uwe unafyeka mkono tayari kwa urefu wake wote, kuanzia kule karibu na mpini mpaka mwisho wake mbele. Hicho ni kipimo cha mwanzo wa safari, hakikuambii kitu chochote kuhusu jiwe la mwisho.

SWALI: Fundi, mimi nasugua bamba la almasi juu ya jiwe la asili mpaka natoa tope zito kama rangi ya ukuta, nanoa humohumo mpaka mwisho. Wembe unatoka mpole kwelikweli, hauchomi ngozi, ila ukali hauna, sehemu moja nairudia mara tatu. Tope liwe zito kiasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, uzito wowote ule, ishu yako ni kwamba hulimalizi.

Tope linakata haraka na ndo linalofuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia, hapo tuko pamoja. Lakini zile chembe zinaelea, na wembe unaponoa makali yanatangulia mbele, kwahiyo ncha inakutana nazo uso kwa uso na inatafunwa kidogokidogo kila pito. Unapata makali ya mviringo kidogo, ya kubembeleza ngozi lakini mavivu kwenye ndevu. Ndicho unachokielezea.

Mimi nafanya hivi. Natoa tope la kiasi, jepesi kama maziwa, napiga mapito 30 au 40. Nadondosha tone moja la maji kwa kidole, napiga mapito 10, tone lingine, mapito 10 tena, na kila tone mkono nauachia kidogo mpaka mwisho kabisa wembe unakwenda na uzito wake wenyewe, mimi nauongoza njia tu. Rangi inabadilika machoni pako, ile nyeupe ya maziwa inaingia kijivu na hicho kijivu ni chuma, inazidi kuwa nyepesi mpaka unaanza kuona sura ya jiwe chini ya maji. Hapo nasimama. Naosha jiwe, naosha wembe pamoja na mgongo wake, naosha na vidole, halafu naweka maji safi na kupiga 20 za mwisho.

Nakazia vidole kwasababu yalinikuta. Nilikuwa nimetoka kwenye jiwe la 1000, sikunawa vizuri, chembe moja ikakaa chini ya ukucha wa dole gumba, nikaja kuidondosha kwenye pito la 15 la maji safi. Nilisikia krrr, ndogo tu, nikajua kwisha habari. Kwenye kioo cha kukuzia mstari ulikuwa umekata mteremko wote mpaka nchani, na pale nchani kapengo. Nilirudi mpaka 8000 usiku uleule.

Kwenye hizo 20 za mwisho tega sikio na uangalie maji. Makali yakikaa sawa, yale maji yanayosukumwa mbele yanapanda juu ya wembe kwa urefu wake wote, na kama kuna kipande yanapita chini bila kupanda ujue pale makali hayajagusa. Sauti nayo inapotea na wembe unaanza kugandia jiwe kama unavutwa kwa chini. Mawe magumu yanavuta hivyo, usishtuke, na wala usijibu kwa kukandamiza, ongeza maji.

Kuna mawe laini ambayo hata usipoyasugua yanatoa tope yenyewe, kwa hayo maji mengi na mkono mwepesi zaidi. Wengine wananyolea makali ya tope maisha yao yote na wameridhika. Wewe hujaridhika, ndo maana umeandika.

SWALI: Muuzaji ananiambia jiwe lake ni sawa na namba 30000, na lina mhuri wa Nakayama. Nichukue?

JIBU: Namba ni ya mawe ya kiwandani, ambako chembe zinachujwa kwa ukubwa kabla ya kubandikwa pamoja. Jiwe la asili ni tabaka la chini ya bahari la zaidi ya miaka milioni 200, chembe laini za silika ndani ya udongo ulioganda, hakuna aliyezichuja. Akikutajia 30000 amekutajia hamu yake.

Nakayama ni mgodi wa Kyoto, wenye jina kubwa na uliofungwa zamani, na kwasababu ya hilo jina mhuri wake unawatia wengi tamaa ya kuughushi. Mhuri ni wino tu. Na hata ukiwa wa kweli, mawe mawili ya mgodi mmoja yanaweza kuwa mbali kabisa kwa ugumu. Ozuku, Shoubudani, Ohira, migodi mingine ya Kyoto, kote huko kumetoka mawe mazuri ya wembe na kumetoka mawe ya kunolea visu vya jikoni. Asagi, kiita, karasu, hayo nayo ni majina ya rangi na madoa, hayakuambii jiwe litafanya nini kwenye chuma chako.

Ningekuwa mimi ningepitisha ukucha juu ya jiwe likiwa limelowa. Mstari unaouona kwa macho lakini ukucha hauusikii mara nyingi hauna neno, ule unaokwaza ukucha utakwaza na makali. Halafu ningeomba kulijaribu kwa wembe ninaoujua, ambao jana tu niliunyolea. Akikataa, muachie jiwe lake na mhuri wake.

SWALI: Vile vijiwe vidogo vinne vya nagura, vya kutolea tope, ni lazima? Ninalo jiwe la 8000 tayari.

JIBU: Kama unalo la 8000, hapana dada yangu. Vile vya Mikawa, kule mkoa wa Aichi, vinakwenda kwa mpangilio wa botan, tenjo, mejiro na koma, botan ndo mkali kuliko wote. Unavisugua juu ya jiwe la kumalizia kimoja baada ya kingine, tope linalonoa linakuwa la kile kijiwe, na kazi yake ni kukutoa kwenye 1000 mpaka mwisho bila mawe ya katikati. Ukitoka 8000 ukaingia botan umerudi nyuma, utakuwa unaweka mikwaruzo uliyokwisha kuifuta. Tafuta kipande kidogo cha jiwe la aina ileile ya kumalizia, wanakiita tomonagura, kisugue juu ya jiwe mpaka utoke tope jepesi, inatosha. Ila nikiri tu kwamba njia ya vijiwe vinne ni tamu, ina utulivu fulani, na ungekuwa huna hilo la 8000 ningekuambia uanzie huko.

SWALI: Jiwe langu nalilowesha kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kunoa, limeanza kutoa nyufa pembeni. Ni kawaida?

JIBU: Acha leo hiihii! Hayo si mawe ya kulowesha, unalinyunyizia maji juu wakati wa kunoa basi. Jiwe hili limejengwa kwa matabaka, maji yakiingia kwa pembeni na kwa chini yanayaachanisha. Linapakwa laka pande nne na chini, na kama laka huna hata rangi ya kucha inafanya kazi, ila uso wa kunolea usiuguse. Kwa lako lililokwisha kupasuka usikimbilie kupaka, liache kivulini siku kadhaa likauke mpaka ndani, maana ukipaka sasa hivi utakuwa umeyafungia maji humohumo. Nyufa zenyewe zipitishie ukucha, kama kuna ufa uliofika kwenye uso wa kunolea, lainisha kingo za huo ufa kwa msasa wa maji kabla hujarudisha wembe hapo.