Maji Huingia kwa Mlango wa Nyuma

Swali la wiki lilikuwa: "Mto ukipanda, mji mdogo wa kijijini huumia wapi kwanza?" Nalijibu kwa mfano wa bonde la Rufiji chini, upande wa Utete na Muhoro, kwa kuwa huko furiko ni sehemu ya kilimo. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, ili maji ya mto yaukute umeshainuka. Maji yakianza kuondoka, kwenye Mei au Juni, watu huufuata unyevu nyuma yake na kupanda mahindi, kunde na maboga. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Ndiyo maana mwenyeji wa bonde akisikia mto umepanda huuliza utakaa siku ngapi. Mpunga uliozama vidole vichache unaweza kuvumilia. Uliofunikwa wote kwa zaidi ya wiki moja, aina nyingi huoza.

Wingu la Rufiji halitoi taarifa ya kutegemewa. Zaidi ya nusu ya maji ya mto huu huletwa na mto Kilombero unaoingia humo, kwa mvua zinazonyesha mbali kule milimani. Jua linaweza kuwaka Utete wiki nzima huku mto unapanda.

Wala ukingo hautoi. Mto wa tambarare kila ukifurika hutua mchanga mzito pembeni mwake, na tope laini hulipeleka mbali. Miaka ikipita, ukingo huwa juu kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Maji basi hupenya kwenye mkondo wa zamani kilomita kadhaa juu, yakazunguka kupitia mabwawa ya bondeni, yakaingia mjini kwa nyuma wakati watu wamejipanga kivukoni wakitazama mbele. Kijiti cha kupimia kisimikwe huko nyuma, kwenye bonde lililo chini kabisa, kiwe na alama kila sentimita 10, kisomwe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Sakafu ikiwa sentimita 60 juu ya maji na maji yanapanda sentimita 15 kwa siku, zimebaki siku nne, na ya mwisho usiihesabu, maana siku hiyo njia yenyewe imeshazama. Mtumbwi na upondo vitapatikana, lakini maji yanapotanda mamba na viboko nao husogea karibu na nyumba.

Nyumba nyingi haziangushwi na maji yanapopanda. Huanguka yakishuka. Ukuta wa miti na udongo hulowa kuanzia chini, udongo ukameguka, nguzo na fito zikabaki zimesimama. Ukikauka unakandikwa upya. Ukuta wa matofali mabichi hauna fito za kuushika: chini ukilainika, juu kunashuka kwa pamoja. Hata nyumba ya bloku si salama kama msingi ni mfupi, kwani maji yanayorudi bondeni huondoka na mchanga wa chini yake, kona ikabaki inaning'inia. Kabla ya kulala humo tena, chomeka fimbo kandokando ya msingi. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, jaza changarawe na ushindilie kwanza. Na usimkandikie mtu ukuta wenye maji. Tabaka jipya litabanduka lote. Wazee wa bonde walilijua hili, ndiyo maana shambani walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo. Operesheni ya serikali ya mwaka 1968 iliwahamishia watu kwenye miinuko, lakini mashamba yalibaki bondeni, na madungu nayo yakabaki.

Sasa choo na kisima, ambako naona watu hukosea zaidi. Shimo la choo likijaa, kilichomo hutoka na kutandaa na maji, na kisima kilicho chini yake hupokea. Haraka ya kukisafisha ndiyo hatari ya kwanza: maji ya ardhini yakiwa bado juu, ukikausha kisima kisichojengewa, kuta huporomoka kwa kusukumwa kutoka nje. Subiri maji ya nje yashuke. Kisha toa tope, sugua kuta, acha maji mapya yaingie, ndipo uweke klorini. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na kina cha maji cha mita 2 kina lita 2,260 hivi. Kinahitaji takriban gramu 65 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, ikorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji, imwagwe kuzunguka kisima chote. Iache isipungue dakika 30, ikiwezekana usiku kucha, halafu vuta maji na kuyamwaga hadi harufu kali iishe. Hiyo husafisha kisima siku ile tu. Kama choo bado kinavuja, uchafu utarudi, kwa hiyo nyumbani endelea kuchemsha, au kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20 na kusubiri nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwa kitambaa safi, yawekwe vidonge viwili.

Barabara nitaisema kwa kifupi. Tuta lenye makalavati machache hugeuka bwawa. Magugu yakiziba midomo, maji hupita juu na kulichimba upande wa pili, na lori la kwanza kupita baada ya maji kushuka ndilo hulimalizia. Afadhali mzigo uchelewe siku tatu.

Halafu kuna Bwawa la Julius Nyerere, juu kwenye mto huuhuu, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Uwezo wake ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, hivyo linaweza kumeza kilele cha furiko, lakini likishajaa na masika bado yanaendelea, maji lazima yafunguliwe. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, Muhoro ikiwemo. Mabishano kama bwawa ndilo chanzo siyaingilii. Nisemalo ni kwamba mkulima wa mlau sasa anahitaji ratiba ya kufungulia maji kama anavyohitaji kalenda ya mvua, na ajue kwamba tope la rutuba nalo hubaki bwawani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kupandishwa darini, kabla ya godoro, ni mbegu ya mlau. Dumu la lita 20 lenye mfuniko unaokaza hubeba kilo 14 hivi za mahindi, za kutosha ekari moja na nusu. Mbegu iwe imekauka kweli, ukiitafuna ivunjike kwa mlio, na dumu lijazwe hadi shingoni. Aliye nayo hupanda wiki ileile maji yanapoondoka. Anayengoja mbegu za msaada hupanda udongo ukiwa umeshapasuka.